Kompyuta Inapobisha Hodi

Umeme ulirudi saa mbili na nusu usiku. Friji ikaguruma, feni ya darini ikaanza kuzunguka, na mjomba akaketi tena mbele ya kompyuta yake ya mezani kumalizia barua aliyokuwa akimwandikia binti yake aliyeko Muscat. Akabofya kitufe cha kuunganisha. Kioo kikasita kidogo, kisha kikamjibu kwa nambari: 691. Jina au nywila si sahihi.

"Si sahihi vipi?" akakiuliza kioo. "Nywila ni ile ile ya jioni."

Akaiandika upya herufi moja moja, kama mtu anayejaza hundi. 691. Akaiandika mara ya tatu huku akiitamka kwa sauti, jambo lisilo la busara sebule ikiwa imejaa watoto. 691. Hapo ndipo aliponigeukia.

"Njoo mpwa wangu. Si wewe uliyeniambia njia hii ya moja kwa moja ndiyo bora?"

Ni kweli, ni mimi. Wiki mbili kabla ya usiku ule nilikuwa nimeigeuza modemu yake ya ADSL ibaki kuwa daraja tu, na kazi ya kuingia mtandaoni nikaikabidhi kompyuta yenyewe. Nilikuwa na sababu zangu, na nitazieleza. Lakini usiku ule sikuwa na jibu la 691. Nilipokuja kulipata, lilinifundisha mengi zaidi kuhusu muunganisho wa intaneti kuliko miaka yote niliyokuwa nikizima ruta na kuiwasha tena kwa matumaini. Ili tulifikie pamoja, itabidi tuufuate waya kuanzia ukutani, hatua kwa hatua, maana kila hatua ina dalili yake na ugonjwa wake, na dawa ya hatua moja haiponyi nyingine.

Waya uliotutangulia

Waya wa simu ulioingia nyumbani kwa mjomba ulifika pale miaka mingi kabla ya kompyuta. Ni nyuzi mbili nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja, ili kelele inayoupata uzi mmoja iupate na mwenzake, na chombo kilicho mwishoni kiweze kuifuta. Ujanja huo wa kusokota Alexander Graham Bell aliukatia hataza mwaka 1881.

Simu haihitaji nafasi kubwa ndani ya shaba hiyo. Sauti ya mtu inayotosha kueleweka simuni hukaa kati ya hezi 300 na hezi 3,400. Juu ya hapo waya ulikuwa mtupu, mfano wa nyumba ya ghorofa ambayo wapangaji wamebanana chini na juu hakuna mtu. ADSL ilihamia ghorofa za juu. Data inayotoka nyumbani kwako hupita takriban kati ya kilohezi 26 na 138, na ile inayokuja kwako hupita kati ya kilohezi 138 na 1,104. Simu inaongea chini, intaneti inapita juu, na hakuna anayemsikia mwenzake.

Nafasi hiyo yote imekatwa katika vijia 256 vyembamba, kila kimoja kikiwa na upana wa kilohezi 4.3125. Modemu ikiwashwa, huvijaribu kimoja kimoja. Kilicho safi hubebeshwa hadi biti 15 kwa mpigo, chenye kelele hupunguziwa mzigo, na kilichokufa huachwa. John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford ni mmoja wa walioifanya njia hiyo ikubalike duniani. Kwa hiyo taa ya DSL inapopepesa kwa dakika nzima baada ya kuwashwa, usiidhanie imezubaa. Inapima barabara.

Kwa nini basi kushusha faili kuna kasi kuliko kupandisha? Jibu lilitolewa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Joseph Lechleider, mhandisi wa maabara za Bellcore nchini Marekani. Kwenye kituo cha simu, mamia ya nyaya hukusanyika katika fungu moja. Mawimbi yanayotoka nyumbani kwako hufika pale yamechoka, na yanayakuta ya kituo yakianza safari na nguvu zao zote. Ni sawa na mtu aliyetoka mbali kwa miguu anayefika sokoni adhuhuri na kuanza kunong'ona. Upande wa nyumbani kuna utulivu, nyaya ni chache. Lechleider aliona kwamba ukielekeza nafasi kubwa upande wa kushuka na ndogo upande wa kupanda, waya ule ule mzee hubeba mzigo mkubwa zaidi. Makampuni ya simu yalivutiwa kwa kuwa yalitaka kuuza filamu kupitia simu. Biashara ya filamu ilichelewa, intaneti ikafika kabla yake, na waya ukapata kazi nyingine.

Shaba hiyo ina ukomo mmoja usiobembelezeka: umbali. ADSL ya mwanzo hutoa hadi megabiti 8 kwa sekunde, na ADSL2+ iliyoidhinishwa mwaka 2003 hufika 24, lakini hizo ni za jirani wa kituo. Ukivuka kilomita tano hivi za waya, mara nyingi utabaki na taa inayopepesa tu. Mjomba alikuwa na bahati. Kituo kilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Alikuwa na bahati ya pili, ya wakati. Kabla ya mkonga wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya Dar es Salaam ilipitia setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi angani, na safari ya pakiti moja kwenda na kurudi ilimeza zaidi ya nusu sekunde. Laini nzuri ya shaba wakati ule ilikuwa kama barabara ya lami inayoishia kwenye kivuko. Mkonga ulipotia nanga Dar es Salaam na Mombasa, na EASSy ukafuata mwaka 2010, waya wa mjomba ukaanza kuonyesha thamani yake.

Ukutani, kabla ya kompyuta

Kazi ya mikono huanzia kwenye soketi ya simu. Hapo huchomekwa splita, kijisanduku chenye tundu moja la kuingilia na mawili ya kutokea: moja la simu, moja la modemu. Ndani yake mna kichujio kinachoruhusu masafa ya chini tu kuifikia simu. Kama nyumba ina simu zaidi ya moja kwenye laini hiyo, kila moja inahitaji kichujio chake, faksi ikiwemo.

Watu wengi huona kichujio kuwa pambo. Ila laini iliyotulia hubeba umeme wa volti 48 hivi, na simu inapoita, kituo hutuma mapigo yanayoweza kufika volti 90. Simu isiyo na kichujio hugeuza mapigo hayo kuwa mtikisiko kwenye ghorofa za juu. Nyumbani kwa mjomba, intaneti ilikuwa ikikatika kila shangazi alipopiga, na kwa siku kadhaa shangazi alilaumiwa bure. Mkosaji alikuwa simu ya zamani chumbani, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, ambayo kila mtu alishaisahau.

Kutoka kwenye splita, waya mfupi wa simu huingia kwenye modemu. Nasema mfupi kwa makusudi, maana waya bapa wa mita kumi unaozungushwa ukuta mzima hukusanya kelele kama wavu. Ukitaka modemu ikae mbali na soketi, refusha upande wa pili, yaani kebo ya Ethaneti inayotoka kwenye modemu kwenda kwenye kadi ya mtandao ya kompyuta. Kebo hiyo inavumilia hadi mita 100 bila kulalamika.

Sasa washa modemu na utazame taa ya DSL. Ikipepesa, inapima vijia. Ikitulia, imekubaliana na mashine ya kituoni. Hapa ndipo pa kuweka akili, kwa sababu watu hukesha kwa kutolijua jambo hili dogo: taa hiyo haikujui wewe. Haijui jina lako, haijui kama umelipia. Inachosema ni kwamba ncha mbili za shaba zinasikilizana, basi.

Taa ikishindwa kutulia, usiiguse nywila. Inua mkono wa simu usikilize. Ukisikia mkwaruzo au mlio wa nyuki, tatizo liko kwenye waya. Modemu nyingi huwa na ukurasa wa takwimu za laini, na humo kuna kipimo cha pengo kati ya mawimbi na kelele, kwa desibeli. Desibeli 10 na zaidi ni raha. Sita ni kusimama kwa mguu mmoja. Chini ya hapo laini huanguka na kuinuka. Kwa mjomba nilikiona kipimo hicho kikishuka kila masika, maji yalipoingia kwenye maungio ya chini ya ardhi, na hewa ya bahari ilikuwa imeshaipaka shaba kutu yake ya kijani. Kazi hiyo ni ya fundi wa laini. Ukimwita, mwambie kwanza kuhusu mkwaruzo unaousikia kwenye simu. Kelele anaweza kuisikia kwa masikio yake mwenyewe, lakini malalamiko ya "intaneti iko slo" hayana sauti.

Kuigeuza modemu kuwa daraja

Modemu nyingi za ADSL zinazouzwa ni vyombo viwili katika kasha moja. Kimoja hutafsiri mawimbi ya shaba kuwa data. Cha pili ni ruta, kinachoingia mtandaoni kwa niaba yako na kugawa intaneti nyumbani. Kuunganisha moja kwa moja maana yake ni kumpumzisha huyo wa pili. Modemu inabaki kuwa daraja, inapitisha kila kinachokuja bila kukifungua, na kompyuta ndiyo inayojitambulisha kwa kampuni.

Fungua kivinjari, andika anwani ya modemu, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1, kisha uingie kwa jina na nywila ya msimamizi iliyobandikwa chini ya kasha. Kabla hujagusa chochote, piga picha ya mipangilio iliyopo. Tafuta sehemu ya muunganisho wa nje, na mahali palipoandikwa aina ya muunganisho, chagua daraja. Utakuta pia nambari mbili, VPI na VCI, zinazotaja njia ambayo kampuni yako imeitenga ndani ya waya. Kampuni nyingi hutumia 0 na 35, nyingine 8 na 35, Ujerumani wamezoea 1 na 32. Za kwako ziulize kwa kampuni, usibahatishe. Ukikosea, taa ya DSL itatulia vizuri tu, lakini utakuwa unaita kwenye uchochoro usio na nyumba.

Sababu zangu za kumshauri mjomba zilikuwa mbili. Modemu yake ilikuwa kuukuu, na kila ilipofanya kazi ya ruta mchana wa joto iliganda mpaka izimwe. Ikiwa daraja, ilipoa. Sababu ya pili ilikuwa ya ubinafsi: mimi ndiye niliyeitwa kila intaneti ilipokufa, na nilichoka kubahatisha. Ruta ikishindwa kuingia, hukuonyesha taa nyekundu na kunyamaza. Kompyuta ikishindwa, hukupa nambari ya kosa.

Gharama nayo ipo. Mtandao unaoingia kwa njia hii ni wa kompyuta moja. Binamu zangu waliokuwa wakitumia Wi-Fi ya modemu kwenye simu zao walinuna wiki nzima, na walikuwa na haki ya kununa. Nyumba yenye vifaa vingi imwache ruta afanye kazi yake. Njia ya moja kwa moja inamfaa mwenye kompyuta moja, au yule anayetaka kuona kinachotendeka.

Hodi, na "nani mwenzangu?"

Kinachotendeka kinaitwa PPPoE. Nusu ya jina hilo, PPP, ni utaratibu uliowekwa kuwa kiwango mwaka 1994, enzi za modemu zilizolia kama paka aliyekanyagwa. Ulibuniwa kwa ajili ya mashine mbili zilizoketi kwenye ncha mbili za waya mmoja, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuulizana nani yuko upande wa pili. Ethaneti ni tofauti. Ethaneti ni baraza, wapo wengi, na asemaye lazima ajue anasema na nani. Februari 1999 wahandisi wa UUNET, RedBack Networks na RouterWare walichapisha waraka namba 2516 unaoeleza jinsi ya kuupitisha utaratibu wa wawili ndani ya baraza la wengi.

Walichokiandika ni adabu ambayo mtoto yeyote wa Pwani anaijua. Kompyuta huanza kwa kubisha hodi. Hutuma ujumbe uitwao PADI kwa yeyote anayesikia: humu ndani kuna mwenyeji? Seva ya mapokezi ya kampuni hujibu kwa PADO: nipo, nami naitwa fulani. Kompyuta hurudisha PADR: basi naomba kuingia kwako. Seva hufunga mazungumzo kwa PADS, ambayo ndani yake mna nambari ya kikao: karibu, kiti chako ni hiki.

Angalia kwamba mpaka hapa mgeni hajaulizwa jina. Mgeni ameshapewa kiti ndipo anaulizwa "nani mwenzangu?" Hapo PPP huchukua zamu. Kuna namna mbili za kujibu swali hilo. Ya kwanza, PAP, ni kutaja jina na nywila waziwazi. Ya pili, CHAP, ina ujanja zaidi: seva hutoa fumbo, kompyuta hulijibu kwa kulichanganya na nywila, na seva hufanya hesabu hiyo hiyo upande wake. Majibu yakilingana mgeni anajulikana, na nywila haijapita kwenye waya hata mara moja. Baada ya hapo kompyuta hupewa anwani ya IP na anwani za seva za DNS, na kurasa huanza kufunguka.

Kwa hiyo kuna makosa ya aina mbili, na si ya ukoo mmoja. Windows ikikuonyesha 678, au 651 kwenye matoleo ya baadaye, inasema: nimebisha, hakuna aliyeitika. Kagua kebo ya Ethaneti, kagua taa ya DSL, kagua VPI na VCI. Nywila haihusiki hata kidogo, maana hakuna aliyeiuliza. Ikionyesha 691, inasema: nimeitikiwa, nimekaribishwa, nimejitambulisha, nimekataliwa. Waya ni mzima. Shughulikia jina.

Kwenye kompyuta yenyewe kazi ni fupi. Windows ilianza kuwa na PPPoE yake ndani tangu toleo la XP la mwaka 2001. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, chagua kuunda muunganisho mpya wa intaneti, halafu chagua aina iliyoandikwa PPPoE. Andika jina na nywila kutoka kwenye mkataba. Jina hilo mara nyingi lina alama ya @ na mkia wa kampuni nyuma yake, na mkia huo ni sehemu ya jina kamili. Wengi huuacha, kisha wakaapa kwamba kampuni imewadhulumu. Wanaotumia Debian au Ubuntu wana programu ya pppoeconf, inayopita kwenye kila kadi ya mtandao ikibisha hodi mpaka iitikiwe, kisha inauliza jina na nywila. Baada ya hapo amri ya pon dsl-provider huunganisha, na poff hukata. Kote kuwili, kadi ya mtandao iache kama ilivyo. Usiipe anwani ya IP kwa mkono, kwa sababu anwani itakuja na mwenyeji.

Baiti nane zilizopungua

Kuna hitilafu moja iliyowatesa watu sana kwa kuwa haifanani na hitilafu. Muunganisho umekubali, barua pepe fupi zinakwenda, kurasa nyingine zinafunguka, nyingine zinabaki nyeupe milele. Unaweza kulaumu tovuti, au kuisikitikia.

Chanzo ni hesabu ya darasa la tatu. Fremu moja ya Ethaneti hubeba mzigo wa baiti 1,500. PPPoE huchukua baiti 6 kwa kichwa chake na PPP huongeza 2, kwa hiyo kinachobaki kwa ajili yako ni baiti 1,492. Kipimo hicho huitwa MTU. Kompyuta ikipanga mizigo ya 1,500 kwenye mlango wa 1,492, mizigo mikubwa hukwama na midogo hupita. Kwa kawaida mashine iliyo njiani hurudisha ujumbe wa kusema mzigo umezidi. Lakini wasimamizi wengi wa mitandao huzuia jumbe za aina hiyo kwa hofu ya wahalifu, basi mtumaji hukaa akisubiri jibu lisilokuja. Windows na Linux za sasa hujipangia 1,492 zikijua zinatumia PPPoE. Ukikutana na kurasa nyeupe kwenye mashine ya zamani, anza na nambari hiyo.

Mlango ulio barabarani

Kompyuta inayoingia moja kwa moja hupata, kwenye laini nyingi, anwani ya IP ya hadharani. Ruta haipo tena mbele yake kupokea wageni. Mlango wa sebule umefungukia barabarani, na barabara hiyo ni ya dunia nzima.

Agosti 2003 ilionyesha uzito wa jambo hili. Mnyoo wa kompyuta ulioitwa Blaster ulienea kwa kupitia mlango namba 135 wa Windows XP na Windows 2000. Haukuhitaji mtu abofye kiambatisho wala afungue barua. Ilitosha kompyuta iwe imewashwa na mlango wake uwe unaonekana. Wenye kompyuta waliona dirisha likihesabu sekunde 60 kurudi nyuma, kisha mashine ikajizima na kuanza upya. Kinachouma ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo Julai, karibu mwezi mmoja kabla, na Windows XP ilikuwa na ngome (firewall) ndani yake, ila ngome hiyo haikuwa imewashwa. Ilianza kuwashwa yenyewe na kifurushi cha pili cha masasisho, Agosti 2004.

Kwa hiyo kabla hujabofya kitufe cha kuunganisha kwa mara ya kwanza, hakikisha ngome ya kompyuta imewashwa. Windows ikikuuliza mtandao huu ni wa aina gani, chagua wa hadharani, hata kama umeketi chumbani kwako. Zima ugavi wa faili na printa kwenye muunganisho huo. Kwa kompyuta kuukuu isiyopata tena masasisho ya usalama, ushauri wangu ni mmoja: usiiunganishe hivi. Iwekee ruta mbele.

Kuondoka bila kuaga

Sasa turudi sebuleni, kwenye 691.

Dalili zilisema waya ni mzima. Taa ya DSL ilitulia. Hodi iliitikiwa. Jina lilikuwa sahihi na mkia wake, nywila ilikuwa ile ile. Nikaipigia kampuni kwa simu ya mezani, ambayo haikuwa imekufa hata umeme ulipokatika, maana kituo huipa nguvu kutoka kwenye betri zake. Kijana wa zamu akaomba jina la mteja, nikamsikia akigonga vitufe.

"Kaka, huyu mteja yumo ndani. Yuko mtandaoni tangu saa kumi na moja."

Nikamweleza mjomba. Akavua miwani. "Mimi? Nimekaa gizani saa nzima nikipunga mbu, nao wanasema nipo?"

Alikuwa yupo. Ule utaratibu wa hodi una ujumbe wa tano ambao sikuutaja, PADT, na kazi yake ni kuaga. Ukikata muunganisho kwa kitufe, kompyuta huutuma, seva hukifuta kikao, kiti kinabaki wazi. Umeme ulipokatika, kompyuta na modemu zilizima kwa pamoja, na hakuna aliyeaga. Kwenye daftari la seva kiti cha mjomba kilikuwa bado na mtu. Alipobisha tena na kutaja jina lake, seva iliona mtu wa pili anadai kuwa yule aliyekwisha keti. Kampuni ile iliruhusu kikao kimoja kwa kila jina, basi ikamkataa. Windows haina nambari maalumu ya kusema "wewe mwenyewe umekutangulia," kwa hiyo ilitoa iliyo karibu nayo.

Seva hazikai na mzimu milele. Kila baada ya muda huuliza, "bado upo?" Zikikosa jibu mara kadhaa, hufuta kikao. Kila kampuni ina subira yake. Tulikunywa chai, tukarudi baada ya robo saa, mjomba akabofya, akapokelewa. Barua ikaenda Muscat.

Wiki iliyofuata alinunua UPS, yaani betri ya akiba, akachomeka kompyuta humo. Umeme ulipokatika tena, UPS ikalia, mjomba akabofya kitufe cha kukata bila papara, kisha akazima mashine. Umeme uliporudi akakutana na 691. Alinipigia simu akiwa na hasira ya mtu aliyetapeliwa. Nilicheka kabla ya kumjibu, kwa sababu nilikuwa nimesahau jambo lililo wazi: modemu ilikuwa kwenye plagi ya ukutani. Kompyuta iliaga vizuri sana, lakini daraja lilikuwa limeshazima, na salamu haikuvuka.

Laini za shaba zinaendelea kupungua, kwa kung'olewa, kwa kuibwa au kwa kuachwa ardhini, na fundi anayekuja siku hizi hubeba nyaya za nyuzi za kioo. Lakini hodi ile haijaondoka. Kampuni nyingi za fibre duniani bado humpokea mteja kwa PPPoE, na watoa huduma wadogo wa mitaani wanaorusha intaneti kwa antena za juu ya paa hufanya hivyo hivyo. Fundi akikuandikia jina na nywila kwenye karatasi mwishoni mwa kazi, jua utabisha kama mjomba.

Mjomba aliihamisha plagi ya modemu siku ile ile, nikiwa bado kwenye simu. Nilimsikia akihema chini ya meza, kisha akaniambia nisubiri mpaka kikao cha zamani kifutwe naye aunganishwe. Alizima swichi ya ukutani kwa mkono wake mwenyewe. UPS ikalia. Akakata muunganisho, akahesabu mpaka kumi, akawasha swichi, akabofya. Kulikuwa na kimya kifupi upande wa pili.

"Nimepokelewa," akasema, akakata simu bila kuniaga.